Ruzuku ya ulemavu haikulipii bili ya hospitali: namna ya kupata ruzuku na nafuu ya bili pia ukiwa Mbeya, Iringa na majirani zake

Mdogo wangu alikuwa dereva wa bodaboda. Lori lilimpitia kwenye mteremko wa Mlima Nyoka, akakatwa mguu wa kulia chini ya goti. Yeye alilala wodini, mimi nikawa mtu wa kuzunguka na bahasha ya kaki: serikali ya mtaa, polisi, halmashauri, ustawi wa jamii, bima. Kuna jambo nilichelewa kulijua, na uchelewaji huo ulitugharimu akiba yote ya mama na mbuzi wake wawili. Ofisi inayokupa fedha kwa sababu ya ulemavu na ofisi inayokupunguzia gharama za matibabu ni ofisi mbili, na hazisemezani. Ukishapokelewa kwenye moja, nyingine haina habari nawe, wala hakuna mtu wa kukushika mkono akakwambia, "Haya, sasa nenda na kule."

Tangu hapo majirani wa Uyole huniletea bahasha zao. Juzi kaja mama kutoka Igurusi, kabla yake kijana kutoka Mafinga aliyepoteza vidole kwenye mashine ya mbao. Haya ndiyo ninayowaambia, kwa mpangilio ambao natamani na mimi ningeambiwa.

Kabla ya hatua ya kwanza, acha imani hii

Watu wengi wanaamini kwamba ukiwa na ulemavu unatibiwa bure. Tanzania Bara haiko hivyo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010, inakupa haki ya huduma za afya bila kubaguliwa, lakini ukifika kwenye dirisha la malipo kinachoangaliwa ni makundi ya msamaha: watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, wagonjwa wa maradhi fulani kama kifua kikuu na ukoma, na mtu yeyote ambaye hana uwezo wa kulipa. Mwenye ulemavu ambaye hayumo kwenye makundi ya mwanzo huingia kwa mlango huo wa mwisho.

Kwa hiyo sentensi ya kusema pale ni "sina uwezo wa kulipa, na ushahidi wangu ni huu". Ukisema "mimi ni mlemavu" peke yake, utapewa pole na bili.

Kinyume chake pia kipo. Kuna watu wanaficha kwamba wanapokea ruzuku ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaosaidia kaya maskini), wakidhani wataambiwa "wewe si unalipwa?" Usifiche. Kuwa mlengwa wa TASAF maana yake kijiji kizima kilikaa mkutanoni kikakubali kwamba kaya yako ni maskini. Ushahidi mzito kuliko huo utautoa wapi?

Hatua ya 1: Jua fedha yako inatoka mlango upi

Milango ni minne, na kila mmoja una uhusiano wake na gharama za matibabu.

*TASAF.* Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020, hulipa ruzuku kwa kaya. Huwezi kwenda ofisini siku yoyote ukaomba kuingia. Majina hupatikana wakati wa utambuzi kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kisha kaya zinahojiwa. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba mwenyekiti na kamati wanajua nyumbani kwako kuna mtu mwenye ulemavu, ili siku ya utambuzi asisahaulike chumbani. Nimeona hili mara nyingi: mkutano unafanyika, yule asiyeweza kutembea yuko ndani, na jina lake liko ndani pamoja naye. Fedha hiyo haina fungu la matibabu. Inasaidia nauli, chakula, na kadi ya bima nitakayoieleza chini. Na kuandikishwa hakulipiwi. Anayekudai "ya soda" ili akuingize anakuibia.

*Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndio mlango unaopotezwa zaidi huku kwetu, na unalipia matibabu yenyewe moja kwa moja. Uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri; mshahara wako haukatwi hata senti. Ukiumia kazini, au ukapata ugonjwa uliosababishwa na kazi, Mfuko unagharamia matibabu, unalipa sehemu ya mshahara ukiwa huwezi kufanya kazi kwa muda (asilimia 70 ya kipato chako), na ukibaki na ulemavu wa kudumu unapimwa asilimia yake. Kiwango kikiwa kidogo unalipwa mkupuo. Kikizidi asilimia 30 unalipwa pensheni kila mwezi. Aliyeumia kiasi kwamba hawezi kujihudumia analipiwa pia mtu wa kumhudumia. Kuna na utengamao, maana yake mazoezi tiba na kusaidiwa urudi kwenye kazi.

Sasa fikiria vinu vya mbao vya Mafinga na Sao Hill, mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, viwanda vya kukoboa mpunga Mbarali. Vidole vinakatika kila siku ya Mungu, na bosi anatoa hela ya panadoli na bahasha ya pole, halafu mambo yanaishia hapo. Yule kijana wa Mafinga alipewa pole hiyo, akaambiwa aisaini kwenye daftari. Bosi hatakiwi kuishia kwenye pole: anapaswa kutoa taarifa Mfuko ndani ya siku 7 tangu ajue. Asipofanya, wewe mwenyewe au ndugu yako peleka taarifa WCF au ofisi ya kazi ya mkoa. Usipitishe miezi 12, maana madai yakichelewa yanakufa. Na usikatishwe tamaa na maneno "wewe ni kibarua tu" au "kampuni haijasajiliwa". Kutokusajiliwa ni kosa la mwajiri. Andika siku, saa, mashine gani, nani alikuwepo. Chukua namba za simu za mashahidi wawili kabla hawajahamia kinu kingine, kwa sababu watu wa mbao hawakai mahali pamoja.

*Mifuko ya hifadhi ya jamii.* Kama umewahi kuchangia NSSF, au PSSSF kwa watumishi wa umma, ulemavu unaokuondolea uwezo wa kufanya kazi unaweza kukupa pensheni ya ulemavu, baada ya bodi ya madaktari kukupima. Haijalishi uliumia wapi, hata kama ulianguka kwenye mparachichi nyumbani. Nenda na namba ya uanachama uulize idadi ya michango yako.

*Bima ya gari lililokugonga.* Huu ndio uliokuwa mlango wa mdogo wangu. Yeye alijiajiri, hakuwa na mwajiri, kwa hiyo WCF haikumhusu. Lakini kila chombo cha moto barabarani kinatakiwa kuwa na bima ya mtu wa tatu, na bima hiyo hulipa gharama za matibabu, kipato kilichopotea na ulemavu wa aliyegongwa. Unahitaji fomu ya PF3 kutoka polisi (ile ile ambayo hospitali wataiulizia), baadaye PF90 yenye taarifa ya ajali, namba ya gari, na risiti zote za matibabu. Ukiwa na namba ya gari unaweza kuangalia kwenye mfumo wa TIRA-MIS kama bima yake ilikuwa hai siku ya ajali. Madai ya aina hii yanapelekwa mahakamani ndani ya miaka 3. Miaka hiyo ikipita, mlango umefungwa. Bima ikizungusha, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Tahadhari na madalali wa fidia. Wanakuja wodini kabla ya maua. Mmoja alitaka nusu ya chochote kitakachopatikana, akiwa na karatasi ameshaiandika na wino wa kidole ameshaufungua. Mama alimwambia "ndaga fijo (asante sana), baba, njia ndiyo hiyo", kwa upole wote wa Kinyakyusa.

Halafu kuna asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu, sehemu ya ile asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Huo ni mkopo usio na riba wa kufanyia biashara. Usiuchukue ukalipie bili. Utabaki na deni na ugonjwa vyote viwili.

Hatua ya 2: Jaza bahasha kabla hujaugua

Weka pamoja: kitambulisho cha NIDA au namba yake, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya mlengwa wa TASAF kama unayo, kadi ya kliniki au daftari la matibabu, barua ya daktari inayotaja ulemavu kwa jina lake, na picha ndogo nne.

Barua ya daktari inahitaji neno la ziada. Daktari aliyechoka ataandika "mgonjwa ana tatizo la mguu". Mwombe kwa heshima aandike aina ya ulemavu, tangu lini, kama ni wa kudumu, na matibabu yatakayoendelea kuhitajika. "Amekatwa mguu wa kulia chini ya goti, ulemavu wa kudumu, atahitaji mguu bandia na mazoezi tiba" ni sentensi moja, na imetumika kwenye ofisi nne. Piga nakala. Halisi haitoki mkononi mwako. Ukiambiwa uiache, acha nakala.

Risiti nazo zina dawa yake. Zile za karatasi laini zinafutika. Ukizihifadhi karibu na jiko, baada ya miezi mitatu ni karatasi nyeupe. Zipige picha kwa simu siku ile ile.

Hatua ya 3: Barua ya mtaa

Anza kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, halafu mtendaji. Omba barua inayosema mambo matatu: kwamba wewe ni mkazi, kwamba una ulemavu (au unamlea mwenye ulemavu), na kwamba huna uwezo wa kugharamia matibabu. La tatu ndilo huwa linasahaulika. Barua ya "namtambulisha kwenu mkazi wangu, naomba apewe ushirikiano" haina kazi dirishani, kwa sababu haimwambii afisa lolote kuhusu mfuko wako.

Kama mtendaji ni mgeni hakujui, nenda na jirani anayeheshimika. Kila kijiji na mtaa unapaswa pia kuwa na kamati ya watu wenye ulemavu, kwa mujibu wa ile sheria ya 2010. Sehemu nyingine kamati ni hai, sehemu nyingine ipo kwenye faili tu, lakini ukiulizia kwa jina lake mtendaji anakaa sawa kwenye kiti.

Hatua ya 4: Kadi ya bima, na siku ya kuzaliwa ya miaka mitano

Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, CHF, ndio uliokuwa bima iliyozoeleka na watu wa vijijini mikoa yetu: ulikuwa Sh 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu wasiozidi 6, ukianzia zahanati na kwa rufaa ukifika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 inabadilisha mpangilio huu hatua kwa hatua, kwa hiyo ukienda kwa mwandikishaji wa kijiji uliza siku hiyo hiyo viwango na vitita (orodha za huduma zinazolipiwa) vilivyopo. Jambo la kufurahia kwenye sheria hiyo ni kwamba imeweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na sehemu ya fedha zake inatokana na ushuru wa vitu kama soda na pombe. Ndiyo maana nasisitiza jina lako liwe kwenye orodha ya kaya zisizo na uwezo hapo mtaani: orodha kama hizo ndizo zinazoulizwa kwanza.

Ukiwa huna hata hiyo fedha ya kadi, ulizia kwa ustawi wa jamii wa halmashauri na kanisani au msikitini. Wapo watu na taasisi wanaolipia kaya maskini kadi kimyakimya, na wanachotafuta ni majina ya kuaminika.

Sasa yule mama wa Igurusi. Mtoto wake ana mtindio wa ubongo na kifafa. Kwa miaka mitano alikuwa akimpeleka mazoezi tiba na kuchukua dawa bila kulipa, akadhani ni kwa sababu ya ulemavu. Wiki moja baada ya mtoto kutimiza miaka 5, dirishani akaambiwa alipe. Alilia pale akidhani wamemdhulumu. Hawakumdhulumu. Msamaha aliokuwa nao ulikuwa wa umri, na umri ulikuwa umeisha. Ukiwa na mtoto wa namna hii, miezi mitatu kabla ya siku hiyo ya kuzaliwa uwe na vitu viwili mkononi: kadi ya bima ya kaya, na barua ya mtaa ya kutokuwa na uwezo. Dawa ya kifafa ikikatizwa hata siku chache degedege zinarudi kwa nguvu, na mtoto anaweza kulazwa kwa gharama kubwa kuliko dawa ya mwaka.

Upande wa pili wa umri: mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo aombe kitambulisho cha matibabu ya wazee kupitia halmashauri. Bibi mwenye mtoto wa jicho hahitaji kuthibitisha ulemavu wake kwa mtu. Umri na hali yake vinatosha.

Hatua ya 5: Panda ngazi, usiruke

Zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya rufaa ya kanda. Ukitoka Kilolo ukaenda moja kwa moja Mbeya kwenye hospitali ya kanda, ambayo inahudumia Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Njombe, Iringa na Ruvuma, bila fomu ya rufaa, kadi yako inageuka kuwa picha tu na utalipa kama mteja wa fedha taslimu. Dharura ni habari nyingine. Hapo unakwenda penye karibu, karatasi zinafuata.

Fomu ya rufaa ikae na muhuri na sahihi. Nakili namba yake nyuma ya kadi.

Hospitali za misheni tunazozipenda huku kwetu, kama Ikonda kule Makete, Ilembula, Tosamaganga na Ilula, zina utaratibu wao wa malipo na misamaha. Baadhi zina mikataba na serikali kwa huduma fulani. Uliza kabla ya kupanda basi, maana nauli ya Makete kipindi cha mvua si ya kubahatisha.

Hatua ya 6: Ustawi wa jamii kwanza, kontroli namba baadaye

Hii ndiyo hatua niliyoikosea, na ndiyo iliyowala mbuzi.

Ukishaonwa na daktari, utaambiwa uende kulipia vipimo. Dirishani wanakutolea kontroli namba. Mimi nililipa, nikijua nitadai baadaye. Fedha iliyoingia serikalini kwa kontroli namba kurudi ni hadithi ndefu. Msamaha unafuta bili ambayo bado haijalipwa, haurudishi iliyokwisha kulipwa. Kabla ya kulipa chochote kikubwa, uliza: "Ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi?" Hospitali ya wilaya kwenda juu kwa kawaida ina afisa huyo, mara nyingi kwenye chumba kidogo ambacho hakina foleni kwa sababu watu hawakijui.

Mazungumzo yanakuwa hivi, nayaweka kama yalivyokuwa mara ya pili, nilipokuwa nimeshajifunza:

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri, karibu kaka. Mgonjwa ni nani?"

"Mdogo wangu, yuko wodi ya wanaume. Amekatwa mguu. Hatuna uwezo wa kulipa upasuaji wa kusafisha kidonda. Barua ya mtendaji hii, barua ya daktari hii, na mama yetu ni mlengwa wa TASAF, kadi yake hii."

"Nani alikuwa anategemewa nyumbani?"

"Yeye mwenyewe."

"Mna shamba? Ng'ombe?"

Hapo sema ukweli. Ukisema huna kitu, kisha simu yako ya kioo kikubwa ikalia mezani, umejimaliza. Tulisema: nusu eka ya mahindi, mbuzi wameshauzwa, mdogo wangu ana watoto wawili shuleni. Afisa akaandika, akajaza fomu, akatusamehe upasuaji wote na kutuachia dawa chache tulizoweza kulipa. Msamaha wa sehemu nao ni msamaha. Usiukatae kwa sababu haukuwa wote.

Mambo ya kukumbuka kuhusu fomu hiyo. Kwa kawaida ni ya hospitali ile na matibabu yale. Ukipewa rufaa, unaanza upya huko mbele, kwa hiyo omba nakala uende nayo kama kielelezo. Kila huduma mpya ikiongezwa, mfano picha ya eksirei au damu, rudi uhakikishe imeingizwa. Na usisubiri siku ya kuruhusiwa. Bili ikishafika mwisho na wodi inataka kitanda, afisa hana tena nafasi ya kupima hali yako kwa utulivu. Ikikukuta hivyo, omba kulipa kidogo kidogo kwa maandishi. Kutoroka usiku kupitia uzio ni fedheha, na siku mguu ukioza utarudi hapo hapo.

Hatua ya 7: Panga kwa ajili ya yale ambayo msamaha hauyagusi

Nauli ni yako, ya mgonjwa na ya msindikizaji. Ruzuku ya TASAF au pensheni ya WCF ielekeze huku kwanza. Ukiwa na kliniki ya kila mwezi, mwombe daktari kama dawa zinaweza kutolewa za miezi miwili, au kama ufuatiliaji unaweza kufanyika hospitali ya wilaya yako. Wengi hawaombi, na daktari hawezi kujua kwamba umetoka Ludewa na umelala stendi.

Dawa isiyokuwepo dirishani utaandikiwa ukanunue nje, na msamaha hautoki nje ya geti. Usikimbilie duka la kwanza. Muulize mfamasia kama ipo dawa nyingine ya kundi hilo iliyopo ndani, kisha rudi kwa daktari abadilishe kama inafaa. Imetuokoa mara tatu.

Vifaa ndiyo sehemu ngumu. Magongo yanapatikana kirahisi, hata fundi seremala anachonga. Kiti mwendo, mguu bandia, shimesikio (kifaa cha kusaidia kusikia) na miwani ni vitu ambavyo CHF usiitegemee. Mwenye bima ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) aulize kwanza kama kifaa chake kimo kwenye kitita chake na kama kinahitaji kibali kabla ya kutengenezwa. Kibali baada ya kununua hakipo. Aliyeumia kazini adai kifaa WCF, maana ni sehemu ya haki yake. Wengine waandike barua kwa ustawi wa jamii wa halmashauri, nakala kwa chama kinachowahusu: CHAWATA kwa ulemavu wa viungo, TLB kwa wasioona, CHAVITA kwa viziwi, na SHIVYAWATA ambayo ni mwamvuli wao. Vyama hivi ndivyo vinavyojua lini kuna kambi ya viti mwendo au ya macho na majina yanapelekwa kwa nani. Pale Iringa mjini, Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 na Kanisa Anglikana Dayosisi ya Ruaha, imeajiri watu wenye ulemavu kwa miaka mingi. Ukienda kunywa chai pale utakutana na watu wenye uzoefu wa vifaa kuliko ofisi yoyote, na wataongea nawe kama ndugu.

Kwa wenye ualbino, baridi ya Njombe na Makete inadanganya. Mtu anasema "leo hakuna jua" huku ngozi inaungua. Mafuta ya kukinga jua yanatengenezwa nchini, pale KCMC Moshi. Ulizia kliniki ya ngozi au chama chenu yanagawiwa lini karibu na kwenu. Kidonda kisichopona usoni au shingoni kisisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Hatua ya 8: Ukikataliwa

Uliza sababu, na uiandike mbele yake, taratibu, bila hasira. Mara nyingi sababu inakuwa ni karatasi iliyopungua, na hiyo inatibika kwa safari moja ya mtaani. Kama sababu ni "hatutoi msamaha hapa", panda kwa mganga mfawidhi wa hospitali. Zaidi ya hapo kuna mganga mkuu wa wilaya na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nenda asubuhi, siku isiyo Jumatatu, na bahasha yako.

Kwa WCF, ukiona asilimia ya ulemavu uliyopewa ni ndogo kuliko hali yako, usisaini kwa furaha ya kuona fedha. Sheria inakupa nafasi ya kupinga uamuzi. Yule kijana wa Mafinga, fundi wa msumeno ambaye vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia ndivyo vilivyokuwa vikimlisha, nilimwambia akae na daktari wake aandike hasa kazi ambazo mkono huo hauwezi tena: kushika nyundo, kufunga parafujo, kuandika. Bado anasubiri majibu. Tumekubaliana kila mwisho wa mwezi anapiga simu kuulizia, na anaandika tarehe na jina la aliyempokea.

Jambo la mwisho, la wale wa viungo bandia. Mguu bandia unachakaa, na barabara zetu za mawe hazina huruma nao. Mdogo wangu alivaa wa kwanza, tukashangilia, tukasahau. Ulipopasuka soketi (kikombe kinachoshika mguu) tulikuwa hatuna hata shilingi iliyotengwa. Safari hii amefungua akaunti ndogo ya simu yenye jina "mguu", na kila hela ya abiria wa Jumapili, maana amerudi barabarani na bajaji ya mkono, inaingia humo.